Ubungo, jimbo la wakuja

Wiki hii tumebishana sana pale chumba cha habari kuhusu jimbo la Ubungo. Mwenzetu mmoja alisema Ubungo ni ngome ya CCM tangu enzi na enzi. Nikacheka. Mwingine akadakia kwamba ni ngome ya CHADEMA, basi tu. Hapo sikucheka, ila sikukubaliana naye pia. Ukiangalia orodha ya wabunge wake tangu vyama vingi virudi, Ubungo haijawahi kuwa ngome ya mtu. Nimeona niyaweke hapa kibarazani maana kwenye gazeti nafasi ya kuandika habari ndefu ya jimbo moja haipatikani.

Tuanze na barabara. Ubungo imezaliwa na Barabara ya Morogoro. Mtu akitoka Mbeya, Dodoma, Mwanza, Arusha au Moshi kwa basi, hii ndiyo njia inayomwingiza mjini. Mimi mwenyewe niliingia Dar kwa mara ya kwanza kupitia stendi ya Ubungo, nikiwa nimeshikwa mkono na shangazi, na sikuiona bahari mpaka wiki ya tatu. Kwa mtoto wa bara, Dar es Salaam ilikuwa ni Ubungo.

Mwaka 1964 Chuo Kikuu, ambacho kilianza 1961 kwenye jengo la mtaa wa Lumumba, kilihamia kwenye kilima tunachokiita Mlimani. Mwaka 1968 kikafunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kwa msaada wa Wachina. Kwa hiyo ndani ya miaka minne eneo lilelile likapata wasomi upande mmoja na wafanyakazi wa viwandani upande wa pili. Wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala karibu na kazi, na Manzese ikajaa. Hakuna aliyempimia mtu kiwanja, watu walinunua kipande kwa mwenye shamba, wakajenga, wakapangisha chumba kimoja kimoja. Miaka ya 1970 serikali na Benki ya Dunia wakaja na mradi wa viwanja na huduma, ndiyo maana Sinza ina mitaa iliyonyooka wakati Manzese, umbali wa kutembea kwa miguu, bado unauliza njia kila baada ya nyumba tatu.

Sasa tazama idadi ya watu. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 kwa mkoa mzima wa Dar es Salaam. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na 2022 wakafika 5,383,728. Wilaya ya Ubungo peke yake, yaani majimbo ya Ubungo na Kibamba kwa pamoja, ilikuwa na watu 1,086,912 mwaka 2022. Yaani wilaya moja imeuzidi mkoa mzima wa 1978! Wengi katika hao, au wazazi wao, wametoka mikoani. Manzese na Mabibo wanaishi wapangaji wa chumba kimoja, Sinza kuna waliotangulia kidogo, na kuanzia Kimara kupanda kuna watu waliochoka kupanga wakaenda kujenga porini kabla pori halijawa mji.

Mpigakura wa namna hii ana tabia yake. Hana mzee wa mtaa aliyemkuta tangu utotoni wa kumwambia ampigie nani. Baba yake yuko Rombo au Mafinga. Anachokijua kuhusu serikali ni bomba lisilotoa maji, daladala, kodi ya pango ya miezi sita na mgambo anayemkimbiza na biashara yake. Ukijumlisha na wanafunzi pale kilimani unapata jimbo ambalo chama chochote kinapaswa kuliogopa.

Na hao wanafunzi walikuwa na historia kabla hata ya vyama vingi. Oktoba 1966 waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Mwaka 1978 waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge, na mamia wakafukuzwa. Nikikumbuka mishahara ya wabunge ya siku hizi huwa naona wale kaka zetu waliwahi tu.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, 1995, ulivurugika Dar. Oktoba 29 vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa kabisa, matokeo ya mkoa mzima yakafutwa na kura zikarudiwa Novemba 19. Katika vurugu hiyo yote Ubungo ilimchagua Dk. Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi, mwanasheria aliyekuwa mhadhiri pale Mlimani. Kwa hiyo mbunge wa kwanza wa Ubungo katika mfumo huu alitoka upinzani. Yule mwenzangu wa "enzi na enzi" hilo hakulijua.

NCCR ikasambaratika kwa ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, na Lamwai mwenyewe baadaye akarudi CCM. Mwaka 2000 CCM ikafanya jambo la akili: ikamsimamisha Charles Keenja. Huyu alikuwa ameongoza Tume ya Jiji tangu 1996, baada ya serikali kuivunja Halmashauri ya Jiji kwa kushindwa kazi. Watu walikuwa wameona barabara zikizibwa mashimo na taka zikizolewa, wakampa. Mimi naona Keenja hakushinda kwa sababu ya chama, alishinda kwa sababu ya taka. Alikaa miaka kumi na akawa Waziri wa Kilimo.

Mwaka 2005 alijitokeza kijana wa miaka 25, John Mnyika wa CHADEMA, akashindwa. Ulikuwa mwaka wa Kikwete, aliyepata asilimia 80 nchi nzima. Mnyika hakuhama jimbo. Alizunguka miaka mitano na hoja moja kubwa, maji, na 2010 akashinda. Ikumbukwe kwamba mwaka ule vyuo vikuu vilifunguliwa baada ya uchaguzi, hivyo wanafunzi waliojiandikisha vyuoni wengi hawakupiga kura. Ubungo ikaenda upinzani bila wao! Aliyeshindwa, Hawa Ng'humbi wa CCM, alikwenda mahakamani na kesi ikaisha 2012 kwa ushindi wa Mnyika. Juni mwaka huohuo Mnyika akatolewa bungeni kwa kumwita Rais dhaifu. Mitaani jina lake likapanda zaidi.

Mwaka 2015 jimbo likagawanywa. Kibamba ilichukua Mbezi, Goba, Saranga, Msigani, Kwembe na Kibamba yenyewe, na Mnyika akaenda huko. Ubungo iliyobaki ikamchagua Saed Kubenea, mhariri wa MwanaHALISI, ambaye Januari 2008 alivamiwa ofisini na kumwagiwa kemikali machoni. Kwa sisi wa kalamu ule ushindi ulikuwa na maana yake, ingawa wengine tulikuwa bado shuleni. Mwaka ule upinzani ulichukua majimbo 6 kati ya 10 ya Dar.

Kilichofuata ni bomoabomoa. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya elfu moja kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, ziliwekwa alama ya X na kubomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Serikali ilisema watu walijenga kinyume cha sheria. Wenye nyumba walisema walikuwa na hati, umeme na maji vya serikali hiyohiyo. Wale wapangaji wa zamani wa Manzese, waliojibana miaka ishirini wakajenga Kimara, wakarudi kupanga. Barabara ni nzuri, nami naitumia. Lakini kila nikipita huwa nawaza vyumba vilivyokuwa hapo.

Oktoba 2020 CCM ilichukua majimbo yote 10 ya Dar. Upinzani haukuyatambua matokeo. Ubungo alitangazwa Prof. Kitila Mkumbo, mhadhiri wa zamani wa Mlimani, aliyewahi kuwa CHADEMA, kisha ACT-Wazalendo, kisha CCM tangu 2017. Siasa yote ya Ubungo ndani ya mtu mmoja. Ile ndiyo kura yangu ya kwanza. Februari 2021 mabasi yakahamia Mbezi, na pale stendi ya zamani Agosti 2025 likazinduliwa jengo kubwa la biashara lililojengwa na Wachina.

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 CHADEMA haikuwemo, maana ilizuiwa baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili, na Prof. Mkumbo akarudi bungeni. Siku ile intaneti ilizimwa, vijana wakaingia barabarani, vituo vya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro vikachomwa, na jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Kwa miaka thelathini jimbo hili lilikuwa likimwambia mbunge wake "umetosha" kwa karatasi. Lamwai, Keenja, Mnyika na Kubenea wote waliingia kwa namna hiyo. Mpangaji wa Mabibo aliyekuwa na hasira ya maji mwaka 2010 alijua aipeleke wapi. Mdogo wake wa 2025 alifika kituoni akakuta jina analolitafuta halipo, au hakwenda kabisa.

Wiki ijayo, nikipata nafasi, nitaandika kuhusu Temeke na ule uchaguzi mdogo wa 1996 alioshinda Mrema.