Shule Isiyo na Kengele: Jinsi Vijana wa Ugogo Walivyojifunza Kazi ya Hospitali

Desturi ya sikukuu ya yubile ni kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, twahesabu maaskofu waliotutangulia, twahesabu waliobatizwa na waliowekewa mikono. Hesabu hizi ni njema, wala hapana wa kuzidharau. Lakini iko shule moja katika nchi yetu isiyoandikwa sana katika vitabu vya hesabu, kwa kuwa haikuwa na kengele, wala ubao, wala madawati. Shule hiyo ni wodi ya hospitali. Humo vijana wengi wa Ugogo, wavulana kwa wasichana, waliingia wasijue kama wana moyo wa kuuguza, wakatoka wamejua. Wengine walijua ya kuwa kazi hii ndiyo yao. Wengine walijua ya kuwa siyo, wakarudi shambani au wakashika ualimu, na hilo nalo si hasara. Habari za shule hiyo ndizo nitakazosimulia, maana leo vijana wetu wa vyuo wasimama mlangoni pake, na swali walilokutana nalo babu zao lawangojea na wao.

Mwanzo wa habari hizi ni Mpwapwa. Mwaka 1877 Alexander Mackay alipasua njia kutoka pwani ya Saadani hata Mpwapwa, na mwaka 1878 kituo cha misioni kikakaliwa pale na watu wa C.M.S., na mmoja wao, Edward Baxter, alikuwa tabibu. Fikirini, ndugu zangu, hali ya tabibu mmoja katika nchi pana namna ile. Misafara hupita, wapagazi wamechubuka mabega, wengine wana homa, wengine wana vidonda vya miguu. Kazi ya uganga haifanywi kwa mikono miwili. Lazima awepo wa kushika beseni, wa kuchemsha maji, wa kumshika mgonjwa asiruke wakati wa kufungwa kidonda, na wa kumweleza kwa lugha ya kwao yale anayoambiwa. Katika nchi yo yote ambako tabibu alifika peke yake, kijana aliyeshika beseni ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa kwanza, ingawa hapana aliyemwita hivyo.

Miaka ikapita. Vita ya 1914 ikaja Ugogo, majeshi yakachukua ng'ombe na nafaka na wapagazi, na baada ya majeshi ikaja njaa kuu ya miaka ya 1917 mpaka 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watu wengi mno walikufa, na wengine wakatawanyika kutafuta chakula. Nchi iliyotoka katika mateso hayo ilikuwa nchi ya watu dhaifu. Malaria, buba, vikope vya macho, vidonda vikubwa vya miguu, na kifo cha akina mama katika kuzaa, hayo yote yalikuwa mambo ya kila siku katika tembe.

Basi mwaka 1926 serikali ya Tanganyika ilianza mpango mpya. Vijana waliochaguliwa katika nchi zao walipelekwa kwenye hospitali ya wilaya, wakafunzwa kwa kutenda, kisha wakarudishwa kwao kukaa katika kibanda cha dawa, na mshahara wao ukatoka katika hazina ya watawala wa kienyeji. Watu wakawaita madresa. Kazi yao ilikuwa kuosha na kufunga vidonda, kutoa dawa za magonjwa mepesi, na kumpeleka hospitali mgonjwa aliyewashinda. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu kupita yote, maana kijana asiyejua mpaka wa elimu yake ni hatari kuliko asiyejua kitu.

Mwaka uliofuata, 1927, Dayosisi ya Central Tanganyika ilitengwa na ile ya Mombasa, na George Chambers, mtu wa Australia, akawekwa wakfu kuwa askofu wake wa kwanza. Katika siku zake kazi ya uganga ilipata nguvu. Mvumi, mahali palipo kilometa 40 hivi kutoka mji wa Dodoma, hospitali ilikua. Huko Kilimatinde, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na Berega, upande wa mashariki, kulikuwa na hospitali pia. Baadaye Hombolo palijulikana kwa ajili ya utunzaji wa wenye ukoma. Mwaka 1938 alifika Mvumi daktari kijana wa Australia, jina lake Paul White. Alikaa miaka michache tu, akarudi kwao mwaka 1941 kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe, lakini vitabu alivyoandika juu ya hospitali ya Ugogo vilisomwa na watoto wa nchi nyingi. Msomaji akivifungua ataona ya kuwa daktari hakuwa peke yake. Kila ukurasa una wauguzi wa Kiafrika, wavulana na wasichana, wanaojifunza huku wakifanya.

Na walijifunzaje? Yafaa tuseme, maana hapo ndipo penye mafundisho kwetu. Hapana mwanafunzi aliyeanza na sindano. Alianza na ufagio. Wodi ifagiliwe, mashuka yafuliwe, vyombo vichemshwe katika maji yanayotokota mpaka muda wake utimie, wala asiseme yametosha kwa kuwa kuni zimekwisha. Kisha alifundishwa kuhesabu mapigo ya moyo na kuandika joto la mgonjwa asubuhi na jioni. Kisha vidonda, kwanza kutazama, halafu kushika, halafu kufunga mwenyewe huku mkubwa wake akitazama. Aliyekuwa na macho ya subira alipelekwa kwenye hadubini, akaonyeshwa tone la damu lililopakwa rangi, na ndani yake wadudu wa malaria. Kijana aliyekulia kijijini akisikia ya kuwa homa ni kazi ya wachawi, alipomwona mdudu kwa jicho lake mwenyewe hakuhitaji hotuba ndefu.

Lakini elimu hiyo ilikuwa na upande wa pili, nao ni wa moyo. Kuna harufu ya kidonda kilichooza. Kuna usiku mrefu, na taa ya kandili, na mtoto ambaye pumzi zake zakatika. Kuna mama anayekataa dawa kwa kuwa shangazi amesema ngojeni kwanza mganga wa kienyeji. Mambo hayo hayasomwi. Kijana aliyesimama mbele yake juma zima aliweza kujijua. Na mkubwa wa wodi naye aliweza kumjua, kwa ishara ndogo ndogo: je, amemfunika mgonjwa kabla ya kuondoka? Je, amesema kweli alipomwaga dawa? Je, humjibu kizee kwa heshima, ijapokuwa kizee amemwita mara kumi?

Kwa wasichana jambo hili lilikuwa zito zaidi. Katika nchi ambapo mahari ni ng'ombe, baba wa binti ana haki ya kuuliza: mwanangu atalala wapi, na nani atamlinda, na ataolewa lini? Wengine walisema ya kuwa haifai mwanamwali asiyezaa kuona kuzaa kwa wengine. Hayakuwa maneno ya ujinga tu. Yalikuwa maneno ya wazee wenye kuilinda heshima ya nyumba. Yalijibiwa polepole, si kwa mabishano, bali kwa akina mama waliokwenda hospitali wakarudi na watoto wao hai. Mama mmoja aliyerudi hivyo aliwashawishi majirani kuliko barua kumi za misioni.

Sasa, kwa kuwa yubile si siku ya kusifu tu bali pia ya kusema kweli, tuseme na lililopungua. Dresa na muuguzi wa siku zile walifanya sehemu kubwa ya kazi, lakini ngazi yao ilikuwa fupi. Kijana mwenye akili, aliyeijua wodi kuliko mgeni ye yote, aliweza kufanya kazi miaka 20 asipate njia ya kuwa daktari. Shule ya udaktari ya Makerere, iliyoanza kufundisha katika hospitali ya Mulago mwaka 1924, ilitaka elimu ya sekondari, na shule za sekondari Tanganyika zilikuwa chache sana. Tena mara nyingi mwanafunzi alihesabiwa kuwa mikono tu: kazi imalizike, kama ameelewa ama hakuelewa. Mikono ilipewa kazi, na kichwa kikaachwa kikingoja. Matokeo yake twayajua. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alikumbusha mara nyingi ya kuwa madaktari wazalendo walikuwa 12 tu.

Baada ya Uhuru ngazi ilirefushwa. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Tena katika miaka iliyofuata, aliyeanza kazi chini kabisa katika zahanati aliweza kurudi masomoni, akawa tabibu, kisha daktari msaidizi. Hivyo uzoefu wa wodini ukapata thamani yake, na wengi waliowatibu watu wa vijijini katika miaka hiyo walipanda kwa njia hiyo hiyo.

Na Dodoma yetu, iliyochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi, imebadilika sana. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa, na ndani yake wafundishwa madaktari na wauguzi. Mwaka huo huo Kanisa Anglikana lilifungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mahali palipokuwa shule ya sekondari ya Mazengo, nako uuguzi wafundishwa. Mwaka 2015 Hospitali ya Benjamin Mkapa ilizinduliwa karibu na chuo kikuu. Tazameni jinsi mambo yanavyofungamana: Mazengo alikuwa mtemi wa Mvumi, pale pale ilipo hospitali ya misioni, na shule iliyochukua jina lake imekuwa mahali pa kufundisha wauguzi.

Lakini mpango wa kujifunza umegeuka. Zamani mtu alianza wodini, akafika kitabuni kwa shida. Leo kijana huanza kitabuni, akafika wodini amekwisha chagua. Akiwa kidato cha tano na cha sita husoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Akipata alama nzuri, jamaa wote husema, huyu atakuwa daktari. Ataingia chuo, naye atakaa miaka mitano, na baada ya hiyo mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, akizunguka katika magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na wanawake wenye kuzaa, kabla ya kuandikwa kuwa daktari kamili. Mpango huu ni bora kwa elimu, wala hapana mwenye akili atakayetaka kurudi nyuma. Lakini una tundu moja. Huweza kutokea kijana asikae hata siku moja kando ya kitanda cha mgonjwa kabla ya kuahidi maisha yake yote. Alama zake zimepimwa. Moyo wake haukupimwa, wala yeye mwenyewe hajaupima. Akigundua katika mwaka wa tatu ya kuwa hawezi, atarudi vipi nyumbani, na ng'ombe wa baba yake wamekwisha uzwa kwa ajili ya karo?

Kwa hiyo nasema ya kuwa hospitali zetu za Kanisa zina deni, nalo laweza kulipwa kwa gharama ndogo. Wapokeeni vijana wa sekondari na wa mwaka wa kwanza wa vyuo wakati wa likizo, majuma machache tu, wajionee. Wapo watakaopinga, na pingamizi lao ni la haki. Watasema: mgonjwa si kitu cha kutazamwa, ana siri zake na heshima yake, tena mtoto wa shule akigusa asichokijua ataua. Ni kweli. Lakini wazee wetu wametupa jibu. Hawakumpa mgeni sindano, walimpa ufagio. Kijana wa likizo asiguse dawa wala kidonda. Abebe maji, amsukume mgonjwa kitini, amwandikie kizee barua, aketi na mtoto ambaye mama yake amekwenda kupika. Aape kutunza siri kabla ya kuvuka kizingiti, na mgonjwa aombwe ruhusa kwanza. Na akijua Cigogo, atakuwa msaada wa kweli, maana wako bado wazee wasioweza kuyaeleza maumivu yao kwa Kiswahili, na daktari aliyetoka mkoa wa mbali huhitaji mtu wa kusema naye mbukwa kwa niaba yake.

Na tusirudie kosa la zamani. Kijana huyo asiwe mikono ya bure. Kila siku awe na mkubwa atakayemwuliza: leo umeona nini, na umeelewaje? Bila swali hilo atakuwa mtumishi tu. Kwa swali hilo atakuwa mwanafunzi.

Ndugu zangu, yule Msamaria wa Injili hakuwa na cheti, lakini alikaribia, akatazama, akafunga jeraha, akalipa gharama, na kabla ya kuondoka akahakikisha ya kuwa mgonjwa ana wa kumtunza. Cheti ni chema na cha lazima siku hizi. Lakini mwanzo wa kazi ni ule wa kukaribia. Wale vijana wa beseni na ufagio, ambao majina yao mengi hayamo katika kitabu hiki, walikaribia. Tukitaka kuwaheshimu katika yubile hii, tuwafungulie mlango wajukuu wao, waingie wangali wana hiari ya kutoka. Na wale watakaobaki, Mungu awape mikono safi, masikio ya subira, na moyo usiochoka usiku. Amina.