Kukua si Kuendelea

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Bujumbura huwasikia wanafunzi wakitumia "ukuaji" na "maendeleo" kana kwamba ni neno moja. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba tofauti yake si ya kamusi tu.

Tuanze na kahawa. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwalazimisha wakulima wa Burundi kupanda mibuni, ili wapate fedha za kodi na koloni lipate bidhaa ya kuuza nje. Mafanikio yalipimwa kwa magunia yanayotoka. Udongo uliosombwa na mvua vilimani haukuingia katika hesabu hiyo.

Mwaka 1934 mchumi Simon Kuznets aliliwasilishia Bunge la Marekani makadirio ya pato la taifa. Alitahadharisha kwamba hali njema ya watu haiwezi kujulikana kwa pato hilo. Kipimo kilienea duniani. Onyo lake likasahauliwa.

Gharama ya kusahau tunaijua. Usiku wa kuamkia Februari 10, 2014, mvua kubwa ilileta mafuriko na matope katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, ikiwemo Kamenge na Kinama. Watu zaidi ya 60 walifariki. Saruji na mabati ya kujengea upya huongeza pato la taifa. Nyumba zilizobomoka na udongo uliopotea havitolewi humo. Sisi wa Kinanira tuko kusini, lakini mto Muha nao unashuka kutoka vilimani, nako miti imekatwa na miteremko inalimwa. Hatuwezi kusema hayo ni ya wenzetu.

Je, kuna waliowahi kukataa? Wapo. Nchini Kenya, Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za kupanda miti mwaka 1977, alipinga mwaka 1989 mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Bungeni alikejeliwa. Hata hivyo mpango uliachwa, na bustani ipo. Mwaka 2004 alitunukiwa Nobel ya Amani.

Turudi kwenye lugha. Mti hukua hadi kimo chake, kisha huzaa. Kuendelea ni kusonga mbele bila kukatika, na ndiko yalikotoka "maendeleo" na "endelevu" pia. Kirundi nacho husema *iterambere*, kupiga hatua mbele. Nchi inayouza rutuba yake inaweza kukua kwa muda, lakini haiendelei.

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi. Badala ya insha ya "Faida za Maendeleo", mwanafunzi amwulize mzee wa mtaani kwake jinsi mto wa karibu ulivyokuwa zamani. Kisha aandike safu mbili: kilichoongezeka na kilichopungua. Safu ya pili ndiyo ambayo tangu enzi za mibuni ya lazima hatujazoea kuijaza.