Pembe Katika Sanduku la Fundi Studley

Wapenzi wa useremala hapa Marekani wakiulizwa ni sanduku gani la vifaa lililo zuri kuliko yote, wengi watataja la Henry O. Studley. Wakazi wa Washington waliwahi kulitazama kwa macho yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 liliazimwa na Smithsonian likaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Historia ya Marekani, pale National Mall. Baadaye liliuzwa kwa mtu binafsi na sasa halipo tena jumbani, ila picha yake iligeuzwa bango, na mafundi wengi walilibandika katika karakana zao. Don Williams, aliyefanya kazi ya kuhifadhi samani Smithsonian kwa miaka mingi, aliliandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2015.

Sifa hizo si bure. Likifungwa, sanduku ni kama kabati dogo la ukutani: kimo kama mita moja, upana nusu mita, na kina kisichofika sentimita 25. Ukilifungua kama kitabu, unakuta vifaa zaidi ya 200: misumeno, patasi zilizopangwa kwa ukubwa, randa, tupa, koleo, nyundo, keekee. Nyuma ya vifaa unavyoviona kuna vingine, kwa sababu baadhi ya vibao vimefungwa kwa bawaba, na ukivivuta vinakupa safu iliyojificha. Kila kifaa kimechongewa nafasi yake, hakiingii kingine hapo. Randa ndogo ya Stanley imekaa chini ya tao la abunusi kama mtu aliyesimama mlangoni. Mbao ni mahogani, rozwudi na mjozi, na juu yake fundi ametia njumu za lulumizi na pembe za ndovu. Hata alama ya Wamasoni, ambao Studley alikuwa mwenzao, imo. (Huko Pwani sanduku lililopambwa hivi, kwa misumari na vibati vya shaba, lilikuwa la nguo na vito. Vifaa vya seremala vilikaa kapuni, mpini wa msumeno ukichungulia nje.)

Studley alizaliwa mwaka 1838 mjini Lowell, Massachusetts. Alitengeneza vinanda vya ogani, kisha akafanya kazi katika kampuni ya piano ya Poole, na inaaminika kwamba sanduku alilitengeneza alipokuwa huko. Wanaolisimulia hupenda kuongeza kwamba malighafi yake yalikuwa mabaki ya kiwandani: kipande cha abunusi hapa, kipande cha pembe pale. Neno hilo "mabaki" hutajwa kwa kupita tu, kama ushahidi wa ujanja wa fundi asiyetupa kitu. Mimi nadhani ndilo neno ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kulisimamisha na kulihoji. Mabaki ya nini, na yalitoka wapi?

Katika karne ya 19 vitufe vyeupe vya piano vilifunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe. Kazi ya kuipasua ilijikusanya katika bonde dogo la Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, ambako kulikuwa na kampuni za Pratt, Read na Comstock, Cheney. Pembe ilikatwa kwa misumeno myembamba, kisha vipande vikaanikwa kwa wiki kadhaa ndani ya nyumba za vioo ili jua livifanye vyeupe. Wenye viwanda walipendelea pembe laini ya Afrika Mashariki kuliko ile ngumu ya Magharibi, kwa sababu ilipasuka vizuri bila kufanya nyufa. Soko kuu la pembe hiyo lilikuwa Zanzibar. George Cheney, mmoja wa washirika wa kampuni yenye jina lake, alikuwa ameishi Zanzibar akifanya biashara hiyo kabla ya kurudi Connecticut. Kwa hiyo fundi wa piano wa Massachusetts aliyeshika kipande cha pembe mkononi, kwa uwezekano mkubwa kabisa alishika kitu kilichopita forodhani Unguja.

Njia hiyo ilikuwa na pande mbili. Mwaka 1833 Seyyid Said na Edmund Roberts walitia saini mkataba wa biashara kati ya dola yake na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Meli za Salem zilichukua pembe, karafuu, ngozi na sandarusi iliyotumiwa kutengenezea vanishi. Zilileta nguo nyeupe ya pamba ambayo watu wa bara na pwani waliiita merikani, na jina hilo tunalo hadi leo katika kamusi. Merikani ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, jimbo la Studley, na Lowell alikozaliwa ulikuwa mji wa viwanda vya nguo hasa. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 pamba ikaadimika, na merikani ikapungua Zanzibar, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Studley mwenyewe alikuwa askari katika vita hivyo, na mwaka 1863 alitekwa huko Galveston, Texas.

Hapa inafaa kupima uzito. Jino moja kubwa la kilo 34 hivi, yaani zaidi ya frasila mbili, liliweza kutoa vifuniko vya piano zipatazo 45. Uzito huohuo ndio uliokaribia mzigo wa mpagazi mmoja kutoka Tabora hadi Bagamoyo, karibu kilomita 800. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari. Wengine walikuwa watumwa, na mwisho wa safari waliuzwa kama pembe walizozibeba. Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905 wakati Studley bado yuko hai, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kurasa zake zimejaa hesabu za frasila.

Tahadhari moja kwa wenzangu: tusikimbilie kudai na ile mbao nyeusi. Kamusi nyingi hutafsiri mpingo na abunusi kwa neno moja la Kiingereza, lakini mpingo wa Mtwara na Lindi ni jamaa ya rozwudi, na abunusi ni ukoo mwingine kabisa. Hoja yangu inasimama juu ya pembe, na pembe inatosha.

Tangu Julai 2016 sheria ya Marekani imepiga marufuku karibu biashara yote ya pembe za tembo wa Afrika, isipokuwa vitu vichache kama vile vya kale. Mwenye kitu cha kale hutakiwa athibitishe umri wake na aina ya mnyama. Maswali mengine ameachiwa mwanahistoria.

Walimu wetu hutafuta picha za kufundishia msamiati wa vifaa, na picha ya sanduku hili ingefaa sana. Msumeno, randa, patasi na tupa zote zimo, kila moja mahali pake. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wangeweza kuisoma pamoja na kurasa chache za Tippu Tip, darasa moja, wakianzia na vile vipande vyeupe vilivyo pembezoni.