Tansiyo na Shinikizo la Damu: Jina la Kipimo, Jina la Ugonjwa

Katika Kiswahili cha vitabu vya tiba, nguvu ambayo damu huitumia kuzisukuma kuta za mishipa inapopita ndani yake huitwa shinikizo la damu. Kenya na Tanzania watu wengi huiita presha, neno lililotoka Kiingereza. Na mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri nchini Kongo, ambako lugha ya shule na hospitali ni Kifaransa, nacho Kiswahili ni lugha ya soko, huitwa tansiyo. Majina haya matatu hubadilishana nafasi bila taabu, na kwa mganga aliye kazini jambo hilo halina madhara makubwa. Ugumu upo kwingine, kwa kuwa kila jina kati ya hayo hubeba maana mbili: kiasi kinachopimika, ambacho kila aliye hai anacho, na ugonjwa, ambao baadhi ya watu tu wanao. Mtu akisemwa kuwa "iko na tansiyo", msikilizaji wa Bunia huelewa ugonjwa. Akisemwa kuwa amekwenda "kupima tansiyo", huelewa kuwa amekwenda kutafuta namba. Tangu kipimo hicho kianze kufanyika nyumbani, kwa kifaa kidogo cha betri ambacho familia hununua yenyewe, mkanganyiko huo umeingia katika maamuzi ya kila siku, yaani nani ameze dawa, aanze lini na, zaidi ya yote, kama ana ruhusa ya kuziacha.

Asili ya maneno yenyewe inaonyesha kwamba Kifaransa na Kiswahili vilikitazama kitu kimoja kutoka pande tofauti. Neno la Kifaransa lililozaa tansiyo linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuvuta au kunyoosha, kwa hiyo hulitaja jambo kwa upande wa mshipa, ambao ukuta wake unavutwa na kukazika. Shinikizo linatokana na kushinikiza, yaani kubana au kusukuma kwa nguvu, na hulitaja jambo kwa upande wa damu. Fizikia ya shuleni nchini Tanzania ina neno la tatu, kanieneo, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, nalo kwa hakika ndilo linalokaribia zaidi tafsiri ya kisayansi. Hata hivyo halikuingia wodini, na pengine ni heri, kwani mgonjwa aliyeambiwa kuwa kanieneo ya damu yake imezidi angehitaji kwanza mwalimu, kisha daktari. Ndani ya mshipa mambo yote mawili hutokea kwa pamoja: damu husukuma, ukuta hutanuka, na ukuta uliotanuliwa kupita kiasi kwa miaka mingi huwa mnene na mgumu, hadi ubongo, moyo, figo na macho vikaanza kulipa gharama. Hali hiyo ya kudumu ndiyo waganga wa Kongo huiandika HTA katika fishi za wagonjwa, kifupi cha jina la Kifaransa linalotaja mvutano uliozidi katika mishipa ya ateri, na ambayo Kiswahili sanifu huiita shinikizo la juu la damu.

Namba inayosomwa kwenye kifaa huhesabiwa kwa milimita za zebaki, kizio kinachoshangaza kwa sababu vifaa vya nyumbani havina hata tone la zebaki ndani yake. Mwaka 1828 Poiseuille, tabibu na mtaalamu wa fizikia wa Paris, alipima shinikizo la damu ya wanyama kwa bomba lenye zebaki, akitazama safu ya zebaki ilivyopandishwa na nguvu ya damu. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Kama Poiseuille angetumia maji, shinikizo la kawaida la mtu mzima lingehitaji bomba linalozidi mita moja na nusu. Mwaka 1896 Riva-Rocci wa Italia alibuni mkanda wa mpira unaojazwa hewa na kufungwa mkononi, na mwaka 1905 Korotkov wa Urusi akaeleza sauti zinazosikika chini ya mkanda hewa inapopunguzwa polepole. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza nje vipimo vya zebaki, kwa sababu ya sumu yake, lakini kizio kilibaki. Kifaa cha kisasa hakisikilizi sauti za Korotkov; huhisi mitetemo midogo ya hewa ndani ya mkanda kisha hukokotoa namba, na ndiyo maana huweza kukosea kwa mtu ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio.

Namba hizo ni mbili. Ya kwanza, iitwayo sistoli, ni shinikizo la wakati moyo unapojikunja na kusukuma damu. Ya pili, diastoli, ni shinikizo linalobaki mishipani wakati moyo unapolegea ili ujae tena. Katika mazungumzo ya kawaida namba hizo huitwa tansiyo ya juu na tansiyo ya chini, na hapo istilahi sanifu hujitega yenyewe, kwa sababu "shinikizo la juu" laweza kumaanisha namba ya sistoli na laweza kumaanisha ugonjwa. Mgonjwa aliyeambiwa kuwa shinikizo lake la juu ni 118 anaweza kurudi nyumbani akiamini kuwa ametangaziwa maradhi, hali ameambiwa namba njema. Lingekuwa jambo la busara kuziacha sistoli na diastoli zibaki majina ya namba, kwani zimeshazoea matamshi ya Kiswahili, na ugonjwa uitwe shinikizo lililopanda, au shinikizo kubwa la damu, ili neno "juu" lisibebeshwe mizigo miwili.

Mtego mwingine ni wa mji ulio karibu na mpaka wa nchi zenye desturi tofauti. Desturi ya Kifaransa husoma shinikizo kwa sentimita za zebaki, kwa hiyo muuguzi wa Bunia aliyesomea Kifaransa hutamka "kumi na mbili kwa nane" au "kumi na nne kwa tisa", wakati kifaa kilichopitia Uganda, chenye karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, huonyesha 120/80 au 140/90. Ni vipimo vile vile, vilivyotofautiana kwa mara kumi tu, lakini mtu aliyezoea kusikia kumi na nne anaweza kuingiwa na hofu kubwa anapoona mia moja na arobaini. Anayeandika namba katika daftari la nyumbani hana budi kuchagua kizio kimoja na kudumu nacho, na milimita ndizo zinazofaa, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwenye kioo cha kifaa na hazilazimishi mtu kukadiria namba ya mwisho.

Shinikizo linalopimwa hospitalini huhesabiwa kuwa limepanda likifika 140/90 au zaidi katika siku tofauti, na namba moja kati ya hizo mbili ikivuka mpaka yatosha. Kwa kipimo cha nyumbani mpaka huteremshwa hadi 135/85, kwa sababu wengi hupandisha shinikizo wanapokaa mbele ya mganga. Wafaransa huiita hali hiyo athari ya blauzi nyeupe, na Kiswahili chaweza kuiita athari ya koti jeupe bila kupoteza chochote. Wapo pia wenye hali iliyo kinyume, ambao hospitalini huonekana wazima na nyumbani namba zao zimepanda, na hao ndio wa kuhofiwa zaidi, kwa kuwa shinikizo lao limejificha pale pale lilipotarajiwa kugunduliwa. Ugonjwa huu kwa kawaida hauna dalili. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 wakazi wa Ituri walizoea kupimwa joto la mwili vizuizini, na walielewa upesi maana yake, kwa kuwa homa hujitangaza; shinikizo lililopanda halijitangazi, na kichwa kinachouma au shingo inayokaza si ushahidi wa kuwepo kwake, kama vile utulivu wa mwili usivyo ushahidi wa kutokuwepo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu duniani hawajui kuwa wanao.

Namna ya kupima ina uzito sawa na kifaa chenyewe, na yafaa ielezwe kwa urefu, kwani namba iliyopatikana vibaya ni mbaya kuliko kukosa namba. Kifaa kinachofaa ni kile ambacho mkanda wake hufungwa juu ya kiwiko, wala si kwenye kifundo cha mkono, na mkanda uwe na upana unaolingana na mkono wa mpimwaji, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo. Mpimwaji asiwe amekunywa kahawa, amevuta sigara wala kufanya kazi nzito katika nusu saa iliyotangulia. Awe amekwenda haja ndogo. Kisha akae dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni na miguu isipishane, naye anyamaze, hata kama mgeni amebisha hodi. Mkono ulazwe juu ya meza, mkanda ukiwa kwenye kimo cha moyo na juu ya ngozi tupu. Sharti la kimo lina sababu ya kifizikia: kila sentimita 10 ambazo mkanda umeshuka chini ya moyo huongeza karibu milimita 8 za zebaki, hivyo mkono ulioachwa uning'inie waweza peke yake kumtia mtu mzima katika kundi la wagonjwa. Hupimwa mara mbili asubuhi, kabla ya kumeza dawa, na mara mbili jioni, kwa kupisha dakika moja au mbili kati ya vipimo, kwa muda wa siku saba; namba za siku ya kwanza huachwa, na zinazobaki hutafutiwa wastani. Wastani huo ndio wa kupelekewa mganga. Namba moja ya usiku, iliyopimwa baada ya milio ya risasi kusikika upande wa pili wa mji, inaeleza habari za usiku ule kuliko habari za mishipa.

Katika kulishusha shinikizo, chumvi hutangulia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja, na hesabu hiyo haiwi rahisi katika mji unaokula samaki waliokaushwa kwa chumvi kutoka Tchomia na Kasenyi, kwenye ufuko wa Ziwa Albert, samaki wa makayabo wa kununuliwa, na mchuzi uliotiwa vipande vya Maggi. Kwa karne nyingi wanawake wa Kibiro, ng'ambo ya ziwa hilo, walichuja chumvi kutoka kwenye udongo wa chemchemi za moto, na chumvi ilikuwa bidhaa ya thamani. Leo inapatikana kwa bei ndogo na imo hata katika mkate. Kuwaloweka samaki wa chumvi na kuyamwaga maji mara kadhaa husaidia, na sombe au lengalenga huweza kupikwa bila kipande cha Maggi. Majani hayo, pamoja na maharagi, ndizi na avoka, yana potasiamu, madini ambayo huisaidia figo kuitoa chumvi, ingawa mwenye figo zilizodhoofika hapaswi kuiongeza bila ushauri. Kupunguza uzito uliozidi, kutembea kwa miguu kila siku na kupunguza pombe, iwe bia au lotoko, hushusha namba pia. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba baadhi ya dawa za maumivu zinazouzwa kwa urahisi farmasini, kama diklofenaki na ibuprofeni, hupandisha shinikizo na kudhoofisha kazi ya dawa za kulishusha.

Matokeo ya mkanganyiko wa istilahi huonekana pale dawa zinapofanya kazi. Mtu aliyeandikiwa amlodipini, mojawapo ya dawa zinazotumika zaidi, hupima baada ya wiki chache akaona 126/78, akasema kuwa hana tena tansiyo, akaacha vidonge. Kwa maana ya kipimo amesema kweli kuhusu namba. Kwa maana ya ugonjwa amekosea, kwa sababu shinikizo limeshuka bila mwenyewe kupona. Kosa hilo huungwa mkono na dawa yenyewe, kwani amlodipini hutoka mwilini polepole, hivyo namba hubaki nzuri kwa siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, na mwenye daftari hupata ushahidi wa uongo kwamba alifanya vyema. Neno linalofaa kwa hali yake ni shinikizo lililodhibitiwa, ambalo ndani yake mna mdhibiti, yaani dawa na mlo. Mdhibiti akiondolewa, namba hurudi. Kinyume chake pia ni cha hatari: kumeza vidonge viwili kwa sababu kifaa kimeonyesha namba kubwa ni kulishusha shinikizo kwa ghafla, na ubongo uliozoea shinikizo kubwa unaweza kukosa damu ya kutosha.

Namba inayofika 180/120 hupimwa tena baada ya dakika tano za kupumzika. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, mganga hutafutwa siku ile ile. Ikiambatana na maumivu ya kifua, pumzi kukatika, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito au macho kutoona sawasawa, mgonjwa hupelekwa hospitalini saa ile ile, hata kama ni usiku. Kwa mwanamke mwenye mimba iliyopita wiki 20 mpaka huo haumhusu: kwake 140/90 yatosha kumpeleka kwa mkunga au daktari bila kungoja wastani wa siku saba, na ikiandamana na maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu, haifai kungoja hata asubuhi.