Chupa ya Soda na Mafuta ya Taa

Kwa miaka mingi nimeyaona hapa Mafinga mafuta ya taa yakipimwa dukani na kutiwa katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma. Anachojua ni kwamba chupa ile huwa na kinywaji kitamu. Akiyanywa, mafuta huweza kumwingia mapafuni, na kumtapisha humzidishia hatari.

Wenzetu walilihangaikia jambo hili zamani. Mwaka 1967, mjini Windsor nchini Kanada, daktari wa watoto Henri Breault alishika bendera ya kifuniko kinachofunguka kwa kukibonyeza huku ukikizungusha. Mwaka 1970 Marekani ikatunga sheria ya vifungashio vya namna hiyo. Mwaka 1995 zikaongezwa dawa za ganzi, zikiwamo krimu za kupaka ngozini, zenye lidokaini inayozidi miligramu 5 katika pakiti moja. Dawa hiyo mtoto akiimeza huweza kupata degedege, hata moyo kusimama. Krimu zisizo na kifuniko hicho zimeondolewa madukani huko.

Je, sisi? Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003. Lakini sheria haiingii jikoni kwako kukagua chupa. Basi mafuta ya taa na dawa za mimea zikae katika vyombo vyake, juu, asipofika mtoto. Akinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali, na chombo chenyewe mkononi.

Kinga ni bora kuliko tiba.