Kutoka Sumu ya Mshale hadi Kidonge: Dawa za Moyo na Watu wa Mlima Kilimanjaro

Historia ya dawa za moyo huandikwa kana kwamba ilianzia na kuishia Ulaya. Majina yanayotajwa ni ya madaktari wa London, Edinburgh na Basel, na Afrika Mashariki huingia mwishoni kama mahali dawa zilipopelekwa. Mtu wa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ana sababu ya kuisoma upya. Mimea ya ukanda huu ilikuwemo katika maabara za moyo tangu karne ya 19, na mmoja wa miti ya mlimani una ndugu aliyewapa madaktari mojawapo ya dawa za kwanza za presha. Kuchangia tulichangia mapema. Kilichochelewa ni dawa zenyewe kurudi zikiwa vidonge na kukaa kabatini kwa mgonjwa mwaka mzima.

Ugonjwa tunaouzungumzia ni kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Mafuta hujikusanya katika kuta za mishipa hiyo mwaka hadi mwaka na njia ya damu hupungua, mpaka siku mtu anapopanda mwinuko akahisi kifua kinabana. Mafuta hayo yakipasuka, damu huganda juu yake, na sehemu ya moyo hukosa hewa ikafa. Presha, kisukari, sigara na lehemu (kolesteroli) nyingi huharakisha yote hayo.

Msunguti na kombe

Kabla ya bunduki kuenea, wawindaji wa Afrika Mashariki walikuwa na sumu ya kusimamisha moyo wa tembo. Katika nyanda kavu, Wakamba, Wagiriama na Waata waliitengeneza kwa mti wa msunguti. Vijiti na magome vilikatwa vipande vidogo na kuchemshwa kwa saa nyingi. Maji yakachujwa na kurudishwa motoni, hadi ukabaki uji mweusi mzito wenye kunata. Uji huo ulipakwa nyuma ya kichwa cha mshale, kisha ukafungwa kwa ukanda wa ngozi laini ili usikauke wala usimguse mwenye podo. Mnyama aliyechomwa hakwenda mbali, moyo ukavurugika, akaanguka. Nyama yake ililiwa bila shida baada ya kuondolewa sehemu iliyozunguka jeraha, kwa kuwa sumu hiyo hupenya vibaya katika utumbo. Jambo ambalo mwindaji alilijua kwa uzoefu, madaktari walikuja kulijua kwa majaribio: kwa mgonjwa, dawa iliyotokana na sumu ya aina hiyo ilifaa zaidi kwa sindano kuliko kwa kumeza.

Kusini, katika mabonde ya Zambezi na Shire, sumu iliitwa kombe na ilitoka katika mbegu za mmea utambaao. John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone wa miaka ya 1858 hadi 1863, alichukua sampuli zake. Inasimuliwa kuwa mswaki wake ulichafuliwa na sumu hiyo ndani ya mfuko. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, akajipima na kukuta mapigo ya moyo yamepungua. Sampuli za kombe zilifika Edinburgh kwa Thomas Fraser, ambaye mwaka 1885 aliwaeleza madaktari wenzake faida yake kwa wagonjwa wa moyo. Dawa hiyo ikaitwa strofantini. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud naye akapata dutu ya aina hiyo kutoka katika miti ya jamii ya msunguti iliyotoka upande wa Wasomali, akaiita uabaini.

Kirk mwenyewe hakurudi Uingereza akakaa. Alihudumu Zanzibar kwa karibu miaka 20, na ndiye aliyempokea msafiri Mwingereza Harry Johnston mwaka 1884 alipokuwa akielekea Kilimanjaro. Johnston alifika kwa Mangi Rindi wa Moshi, halafu kwa Mangi Marealle wa Marangu. Kwa hiyo mtu aliyechukua sampuli za sumu ya mshale ndiye huyo huyo aliyemfungulia mgeni njia ya kuja mlimani.

Wajerumani na sindano

Mlima ulipoingia mikononi mwa Wajerumani, sayansi ya moyo ilikuwa ikikua upesi kwao. Mwaka 1906, huko Strasbourg, iliyokuwa ya Ujerumani wakati huo, Albert Fraenkel alianza kudunga strofantini kwenye mshipa wa damu. Wagonjwa waliovimba miguu na kushindwa kulala chali walipata nafuu ya haraka. Kwa miongo mingi Wajerumani waliithamini kuliko mataifa mengine, wengine wakiitumia hata kwa maumivu ya kifua, jambo ambalo ushahidi haukulithibitisha. Dawa ya aina hii huupa moyo uliochoka nguvu ya kusukuma, lakini haifungui mshipa ulioziba. Kipimo chake cha kuponya kipo karibu mno na kipimo cha kuua, na ndiyo sababu moja ya kuachwa kwake baadaye.

Dawa mbili nyingine za enzi hiyo zimebaki. Mwaka 1879 William Murrell wa London alichapisha taarifa kuwa nitrogliserini, ile ile ya baruti, hutuliza kifua kinachobana kwa kuilegeza mishipa. Leo bado ni kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Ya pili ni aspirini, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Bayer mwaka 1899 kama dawa ya homa na maumivu. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba ingekuja kuwa dawa ya moyo. Misheni zilizojengwa mlimani, wamisionari wa Roho Mtakatifu wakiwa Kilema jirani na Marangu tangu 1890 na Walutheri wa Leipzig wakiwa Machame tangu 1893, zilikabili kwanza vidonda, homa na vifo vya watoto. Moyo haukuwa katika hesabu.

Ugonjwa uliodaiwa haupo

Baada ya Waingereza kuichukua Moshi mwaka 1916, madaktari wa kikoloni walijenga imani kwamba Mwafrika haugui presha wala mishipa ya moyo. Imani hiyo ilikuwa na takwimu zake. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison aliandika kuwa katika hospitali ya wenyeji magharibi mwa Kenya alilaza wagonjwa 1,800 ndani ya miaka miwili bila kumwona hata mmoja mwenye presha ya juu. Mwaka 1959, huko Mulago, Kampala, Shaper na Jones walionyesha kuwa Waasia wa Uganda walikuwa na lehemu nyingi kuliko Waafrika na waliugua moyo mara nyingi zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, George Mann na wenzake kutoka Marekani waliwapima Wamasai wa Tanganyika, majirani wa Wachaga wa Kilimanjaro upande wa tambarare. Walikuta watu wanaoishi kwa maziwa, nyama na damu huku lehemu yao ikiwa ndogo na dalili za moyo zikiwa nadra. Mwaka 1972 Mann alitoa taarifa nyingine iliyotokana na kuchunguza mioyo 50 ya Wamasai waliofariki. Mafuta ndani ya mishipa yalikuwepo, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana na damu ilipita. Watu hao walitembea sana. Taarifa hizo zilikuwa za kweli kwa wakati wake, lakini zilisomwa vibaya. Zilieleza namna watu walivyoishi, nazo zikageuzwa kuwa sifa ya rangi yao.

Msesewe

Wakati madaktari wakisema hakuna presha, mti wenye undugu na dawa yake ulikuwa umesimama vihambani, katika mashamba ya nyumbani ya Wachaga. Ni msesewe, kwa jina la kitaalamu Rauvolfia caffra, unaopenda kingo za mito. Kila mpishi wa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, anaufahamu. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichache. Ulezi ulioota hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Magome ya msesewe huchemshwa mbali, na maji yake machungu hutiwa katika uji wa ulezi kabla ya kuchanganywa na ndizi, ili utamu upate mpinzani. Mbege isiyo na msesewe, wazee husema, ni uji tu.

Ndugu wa mti huu kule India alitumiwa na waganga kwa karne nyingi. Mwaka 1949 daktari Rustom Vakil wa Bombay alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo ya kutibu presha kwa mizizi yake, na mwaka 1952 wakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, wakatenga kiini chake, reserpini. Ilikuwa kati ya dawa za kwanza za presha zilizomezwa na watu wengi duniani. Mahitaji yalipopanda, viwanda viligeukia ndugu mwingine wa jamii hiyo, ambaye mizizi yake ilichimbwa Kongo. Reserpini ilikuwa rahisi kwa bei na ilifanya kazi, ingawa kipimo kikubwa kiliwatia wengine huzuni nzito, na dawa mpya ziliisogeza kando.

Msesewe nao una alkaloidi za ukoo huo, lakini isidhaniwe kuwa mbege inatibu presha. Hakuna anayejua kiasi kinachobaki katika kata ya mbege, na pombe kwa wingi huipandisha presha.

Kwa wataalamu wa mimea, msunguti, kombe na msesewe ni ukoo mmoja. Mugariga nao umo. Huo ndio mti wa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila wa Samunge, Loliondo, ambao mwaka 2011 maelfu waliufuata kwa shilingi 500 wakitarajia kupona kisukari na presha. Undugu wa mimea hauthibitishi tiba. Kombe ilikuwa dawa siku ilipopimwa, ikajulikana kiasi gani kinasaidia na kiasi gani kinaua. Kikombe hakikupita hatua hiyo.

Vidonge vya zama zetu

Nusu ya pili ya karne ya 20 ilileta dawa ambazo bado zinashika uongozi. James Black wa Uingereza alitoa propranololi mwaka 1964, dawa ya kupunguza kasi ya moyo ili uhitaji hewa kidogo, na mwaka 1988 akapata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1981 ikaja kaptoprili, iliyoanzia katika uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili. Akira Endo wa Japani alikuwa ametafuta katika maelfu ya kuvu hadi akapata statini ya kwanza mwaka 1973, na mwaka 1987 statini zikaanza kuuzwa Marekani. Jaribio la nchi za Skandinavia la mwaka 1994, lenye wagonjwa 4,444, liliondoa ubishi: waliomeza statini walipungukiwa vifo kwa asilimia 30.

Aspirini ndiyo iliyoshangaza zaidi. Jaribio la mwaka 1988 lililohusisha wagonjwa 17,187 wenye shambulio la moyo lilionyesha kuwa aspirini peke yake ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23. Ikiunganishwa na streptokinesi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ilivipunguza kwa asilimia 42. Kidonge cha bei ndogo kuliko vyote dukani kilikuwa kimekaa rafuni karibu miaka 90 kabla ya jibu hilo kupatikana.

Mlimani leo

Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na kanda nzima ya kaskazini ikapata mahali pa rufaa. Lakini katika zahanati kipaumbele cha dawa kilibaki malaria, kuhara na nimonia, tena kwa haki. Kilichobadilisha mtazamo ni kupima. Utafiti uliofanyika katikati ya miaka ya 1990 Ilala, Dar es Salaam, na Shari, kijiji cha wilaya ya Hai, ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu ana presha ya juu katika sehemu zote mbili. Kijiji cha migomba hakikuwa nyuma ya jiji. Kati ya wenye presha, chini kidogo ya asilimia 20 walijua, karibu asilimia 10 walisema wanatibiwa, na waliodhibitiwa hawakufika asilimia 1.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, na leo Mtanzania anaweza kuzibuliwa mshipa wa moyo bila kupanda ndege kwenda India. Hata hivyo utafiti wa KCMC wa mwishoni mwa miaka ya 2010 ulionyesha kuwa, kati ya waliofika idara ya dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na shambulio la moyo. Wengi wao hawakugundulika, na wachache walipewa aspirini.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha ya dawa muhimu kidonge kimoja chenye dawa kadhaa za moyo pamoja. Uvumbuzi huo unalenga pale pale tunapokwama, kwenye kumeza kila siku. Dawa za moyo zilizo bora ni za zamani, hati miliki zake zimekwisha, na nyingi bei yake si ya kutisha. Mgonjwa wa mlimani huzipoteza kwa kutopimwa, au kwa kuziacha akishajisikia vizuri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayepanda Marangu kila Desemba, usimpelekee mzee sukari na blanketi tu. Mpeleke akapimwe presha na sukari, soma kadi yake ya kliniki, hakikisha ana vidonge vya Februari na Machi, si vya Krismasi peke yake. Asianze aspirini ya kila siku bila daktari, maana inaweza kusababisha damu kuvuja tumboni. Na anayetumia kidonge cha chini ya ulimi asikichanganye na dawa za nguvu za kiume, kwa kuwa presha huanguka ghafla na kuua. Kifua kikibana kwa zaidi ya dakika chache, msisubiri asubuhi: ni hospitali, usiku huo huo.