Saitokini, mjumbe wa seli

Saitokini ni neno la mizizi ya Kigiriki: kytos, chombo kitupu, ambacho wanasayansi walikigeuza kuwa seli, na kinein, kuendesha. Ni protini ndogo ambazo seli huzitoa kupashana habari, hasa mwili unapovamiwa. Kazi yake inafanana na ya mjumbe wa nyumba kumi: hapambani na mwizi peke yake, hupiga mbiu na mtaa mzima ukatoka.

Mojawapo, interferoni, iligunduliwa London mwaka 1957. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliloweka vipande vya utando wa yai la kuku pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Majimaji yaliyobaki yalizuia virusi hai kuzaliana katika utando mwingine.

Kuku hawakuachwa hapo. Watafiti wa shirika la CSIRO, Australia, walijaribu interferoni gama ya kuku kama kikolezo cha chanjo, na pia kuona kama ingesaidia kuku kunenepa bila antibiotiki kwenye chakula. Ajabu kidogo, maana saitokini nyingine, kama interleukini-1, huua hamu ya kula. Ndiyo sababu mojawapo ya kuku mgonjwa kujikunyata, mabawa chini, asiguse pumba. Si kila mjumbe analeta habari njema.

Kwa mfugaji, "saitokini" halisemi kitu. Safu hii inapendekeza "protini mjumbe", na saitokini libaki maabara.